Mfereji Haungoji Mfalme

Kuna Alhamisi moja ya Julai ambayo haijanitoka, mwanangu. Nilikuwa Doha, kule Qatar, fundi viyoyozi katika hoteli moja ya mtaa wa West Bay, kijana pekee mwenye diploma kikosini, na sikumwacha mtu asahau. Wanaoniona leo na karakana yangu na mafundi chini yangu, wasidhani nilirithi. Nimejichonga mwenyewe.

Hoteli ilikuwa imeuzwa. Meneja aliyeniahidi cheo cha msimamizi alikuwa anafungasha, na ajaye hakuijua ahadi ile. Nikawaambia wenzangu tusisafishe filta za viyoyozi tena. Huyo mpya akute vumbi, ajue thamani yetu. Wakanifuata, maana diploma ina sauti. Haikupita wiki, chumba cha kufulia kikawa tanuri, na humo ndimo Dada Mwajuma wa Tanga na wenzake walimopigia pasi.

Mkuu wetu wa mafundi, Bwana Murugan, alikuwa amefundisha historia kwao India kabla ya kuja Ghuba. Alhamisi hiyo akanikalisha, akanisimulia bonde la mto Kaveri, kwa babu zake. Wachola walilitawala, wakaja Wapandya, kisha watu wa Vijayanagara, kila mfalme na watoza kodi wake. Lakini kila mwaka, kabla maji hayajafika, wanakijiji waliingia mferejini kuzoa tope.

"Wampendeze mfalme mpya?" nikamkejeli.

"Mfalme hata hakuwajua, bhai. Ukiacha tope kwenye kipande chako, anayekaukiwa mpunga ni jirani yako wa chini."

Nikajibu kuwa Doha sina shamba, nina mkataba. Naye, kwa upole wa kuudhi, akasema, "Basi teremka ukamwambie hivyo dada yako."

Nikateremka. Dada Mwajuma alikuwa ameketi sakafuni, kitambaa kibichi shingoni.

"Kaka msomi," akasema, "umekuja kutupepea?"

Wenzake wakacheka. Mimi nilipanda kwenye viyoyozi na brashi, nikasafisha filta hadi alasiri, na kikosi kikanifuata. Meneja mpya alikuja na msimamizi wake mwenyewe. Cheo sikukipata.

Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Mimi, na usomi wangu wote, sikujua kuwa nyasi nazo huumizana.

Mwanangu, mabwana watabadilika juu yako, ofisini na hata serikalini. Usiipime kazi yako kwa aliyekalia kiti. Ipime kwa yule ambaye maji yake hupitia kwako. Mungu akulinde, akupe riziki ya halali na moyo usiosusa.