Sentensi Iliyoingia kwenye Wasifu wa Marehemu

Hii habari nikiisimulia naonekana bwege. Ila nikinyamaza, watu wa mtaani kwetu Mshangano wanaisimulia vibaya zaidi, kwa hiyo bora niiharibu mwenyewe.

Miaka ile kila aliyepata vijisenti Songea alifungua duka. Bosi wangu akafungua la kuchapa barua na kutoa kopi. Kompyuta aliuziwa na mzungu wa kujitolea aliyekuwa anarudi kwao, ina mfumo wa Linux, na mjini hatukumjua wa kumuuliza habari zake. Mimi wa darasa la saba nilijua pa kuwashia na pa kuzimia, basi nikajiita injinia.

Ikaanza kuugua. Ukiiambia ichape, kwanza inajitengenezea nakala ya muda, na hiyo ndiyo inayokwenda kwenye printa. Sasa hizo nakala zikawa zinaharibika. Barua ya kuomba kazi inatoka na mistari ya tangazo la mbolea katikati. Kwenye skrini safi, kwenye karatasi uji. Nikasema umeme, maana Songea kila ubaya ni umeme. Nikabadilisha waya, nikapuliza vumbi, wapi.

Nikaamua kuijaribu kwa sentensi ambayo nikiiona popote nitaijua. Asubuhi hiyo bosi alikuwa kaninyima chai, nikaandika: "Mzee huyu bahili, sukari anaihesabu punje." Ikatoka safi. Nikarudia mpaka nikachoka, safi tu. Nikaifuta, nikamwambia bosi mashine imepona.

"Umeifanyaje?"

"Siri ya fundi, mzee."

Mchana akaja mama jirani yetu, kafiwa na mume, anataka kuchapiwa wasifu wa marehemu.

"Andika alikuwa mkarimu," akasema. "Hilo usiliache, mwanangu. Watu wanamwita mkono wa birika, na hawajui watoto wa dada zake walisomeshwa na nani."

Nikaandika. Zikatoka kurasa mbili. Ya kwanza niliisoma, ya pili niliikunja tu.

Makaburini katekista akasoma kwa ile sauti yake ya kanisani, bila kutangulia kuangalia mbele: "Marehemu alikuwa mkarimu kwa ndugu na majirani. Mzee huyu bahili, sukari anaihesabu punje. Ameacha mjane na watoto."

Watani, wale waliochimba kaburi, wakaangua kicheko.

"Nani katuwahi?" mmoja akauliza.

Ningenyamaza. Nikanyoosha mkono. "Mtani wenu mdogo."

Sina utani na ukoo ule hata wa kuazima, wao Wangoni na mimi Mngoni. Watu wakacheka zaidi, na mmoja akasema kumbe ubahili wake hata kwenye karatasi umeandikwa. Mjane akajifunika khanga uso mzima.

Bosi akamwandikia yule mzungu barua pepe. Jibu likasema ubovu uko ndani ya Linux yenyewe: diski ikikaribia kujaa, nakala mpya ya muda inapewa nafasi ya faili lililofutwa, na maneno ya zamani yanabaki humo. Majaribio yangu yalitoka safi kwa sababu kila nakala ilikuwa inakalia nafasi ya ile iliyotangulia, yenye maneno yaleyale. Tukaweka toleo jipya, mashine ikapona kweli. Bosi akaniuliza huyo mzee bahili ni nani. Nikaangalia dari.

Lile jibu nikalichapa, nikaenda nalo kwa mjane kama mtu mwenye cheti cha daktari. Alikuwa anapepeta maharage uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Yale maneno, mama, ni mashine ilikosea. Nilikuwa namsema bosi wangu. Hata mzungu kathibitisha, hii hapa."

Karatasi hakuipokea. Akaendelea kupepeta, kisha akaweka ungo chini.

"Ya mashine nimekusikia," akasema. "Lakini pale makaburini mkono uliunyoosha mwenyewe. Ungeunyoosha kusema hayo maneno hayamhusu mume wangu, wangekusikia wote."