Fundi wa Siakago na Betri Iliyolinyima Kanisa Umeme

Ni Jumamosi ya mwezi wa Julai 1997, mawingu yameilalia Mbeere tangu asubuhi, na Rwamba Njoka anafanya jambo ambalo fundi yeyote wa sola humkanya mteja wake asilifanye. Anaimaliza betri makusudi.

Amesimama mlangoni mwa zahanati ndogo ya kanisa, nje kidogo ya mji wa Siakago, mikono mfukoni mwa ovaroli ya bluu iliyotobolewatobolewa na asidi. Waya mrefu umetokea dirishani, ukakatiza uwanja na kuingia chini ya turubai la harambee. Huko kinanda, vipaza sauti viwili na mshereheshaji asiyejua maana ya kupumzika wanakula umeme wake.

"Wacha wapige," anasema. "Leo nimewaambia wasinihurumie."

Ndani ya zahanati mna friji ya chanjo inayotegemea betri hiyohiyo. Ikizimika kabla ya ibada ya kesho, kamati itang'oa mtambo wote na kurudisha friji ya zamani ya mafuta ya taa. Rwamba ataondoka na paneli zake, na kazi ya sola katika eneo hili itakuwa imemfia mikononi. Masharti hayo aliyakubali mwenyewe mbele ya kamati nzima.

Sista Kawira, muuguzi wa zahanati, hakutaka kubahatisha. Amehamishia chanjo kwenye kisanduku cha barafu, na ndani ya friji ameacha chupa za maji na kipimajoto. "Mama Muturi ni rafiki yangu," anasema, akimwita Rwamba kwa jina la kifungua mimba wake. "Lakini chanjo ya watoto siwezi kuichezea kwa sababu ya urafiki."

Rwamba, mwenye umri wa miaka thelathini na minane na watoto watatu, alizaliwa hapahapa Siakago. Nyaya kubwa za umeme kutoka mabwawa ya Mto Tana zinapita juu ya mashamba ya ndengu na mtama zikielekea Nairobi, zikinguruma kidogo siku za ukungu. Chini yake, nyumbani kwa babake, hadi leo watu wanakula chakula cha jioni kwa koroboi. Jambo hilo linamuudhi, naye halifichi.

Ufundi aliupatia Embu mjini, kwenye kibanda cha kuchaji betri ambako aliajiriwa kufagia na kuchemsha chai. Mwenye kibanda, mzee Njuki, alimwona akichungulia kila betri aliyoipita na ufagio, akaamua kumfundisha. Wateja walileta betri za gari zikiwa zimefungwa nyuma ya baiskeli ili wapate kutazama televisheni wikendi.

"Walikuwa wanangoja mpaka ile picha ya televisheni inakuwa ndogo kama stempu ndio wakumbuke kuleta betri," Rwamba anasema. "Hapo sasa tunachaji maiti. Nikajua betri haiuawi na jua wala mvua. Inauawa na mtu ambaye hajui kusema imetosha."

Sola ilipoanza kuingia mashambani alijifunza kuifunga, akarudi kwao. Malipo huja yakiwa kamili, nusu, au yakiwa na miguu minne na kulia mee. Hata hivyo amesomesha watoto kwa kazi hiyo, na jina lake lilikuwa linajulikana kutoka hapa hadi Kianjokoma, mpaka Aprili mwaka huu.

Ili kuelewa kilichotokea Aprili, lazima mtu aelewe kilichomo ndani ya kile chumba kidogo cha zahanati. Paneli zilizo kwenye paa hujaza betri. Kati yake pana kisanduku kinachoitwa kontrola. Betri ikijaa, kontrola huizuia paneli isiendelee kuichemsha. Betri ikishuka, huzima taa ili isikauke kabisa. Kinachobaki baada ya taa kuzimwa ni akiba ya friji, ambayo imeunganishwa moja kwa moja na betri.

Halafu kuna inverta. Hii huchukua umeme mdogo wa betri na kuugeuza uwe sawa na ule wa Nairobi. Zahanati iliihitaji kwa ajili ya taa ya darubini, kwa kuwa malaria ni mgeni wa kila siku katika nyanda hizi na Sista Kawira amechoka kuitibu kwa kukisia.

"Kontrola ndiyo mama wa nyumba," Rwamba anaeleza. "Anajua unga umebaki kiasi gani. Inverta ni mpishi mwenye nguvu, atapika chochote utamwambia. Lakini hajui kesho mtakula nini."

Aprili, wakati wa mvua, kanisa lilifanya harambee ya paa. Wazee wa kanisa walipitisha waya dirishani na kuuchomeka kwenye inverta, bila kuona kosa lolote, kwa kuwa zahanati na kanisa ni mali ya waumini walewale. Sista Kawira alikuwa amekwenda kwao Kianjokoma kwa mapumziko.

Mnada ulinoga. Katika harambee za huku, anayenunua kuku humrudisha ili auzwe tena, na kuku mmoja anaweza kujenga ukuta mzima kabla hajachinjwa. Alasiri mvua ilipokuwa imeshika, taa za zahanati zilizimika. Kontrola ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa. Lakini vipaza sauti viliendelea kuvuma.

Mtu mmoja alikimbia kumnong'oneza mshereheshaji. Yeye alitangaza hadharani kwamba taa zimezimika lakini sauti ya kazi ya Bwana haijazimika. Watu walishangilia, wakatoa zaidi, na kuku akauzwa tena.

Sista Kawira aliporudi Jumatatu alikuta friji imekufa na chanjo zimepata joto. Alizitupa zote.

"Nilirudisha wamama nyumbani, wengine wametembea na watoto mgongoni kutoka kule chini karibu na Tana," anasema, na sauti yake bado ina ukali wa siku hiyo. "Mimi nilimlaumu Mama Muturi. Nilimwambia ametuletea takataka."

Maneno husafiri haraka siku ya soko. Kabla ya wiki kuisha, sokoni Siakago ilisemwa kwamba betri za Rwamba zinafanya kazi zikiombewa tu. Makanisa mawili yaliyokuwa yamemwita yalighairi. Mwenyekiti wa kamati, mzee Mbogo, mkulima wa muguka, ile aina ya miraa, mwenye sauti ya kutosha uwanja mzima, alisema sola si kitu cha nchi yenye mawingu.

Rwamba alikuja na haidromita yake, akapima maji ya betri tundu kwa tundu. Yote yalikuwa yameshuka kwa kiasi kimoja. Betri mbovu, anasema, huugua upande mmoja. Hii haikuwa mgonjwa, ilikuwa imeliwa. Aliuliza nani ameila, na wazee wa kamati wakatazama viatu vyao.

Ni Sista Kawira aliyempa jibu, bila kujua kwamba ni jibu. Mmoja wa akina mama waliorudishwa alikuwa amemsimulia jinsi taa zilivyozimika huku nyimbo zikiendelea, na Sista akalirudia hilo kwa kulalamika tu. Rwamba aliketi kwenye ngazi ya zahanati.

"Hapo nikaelewa," anakumbuka. "Kontrola ilisema imetosha, na inverta haikusikia. Mimi ndiye niliweka hao wawili nyumba moja na hawasemezani."

Inverta, iliyounganishwa moja kwa moja na betri kama friji, ilikuwa na kizuizi chake yenyewe, ila kiwandani kiliwekwa chini mno, na kabla hakijafikiwa akiba yote ya friji huwa imekwisha. Wapo waliomshauri Rwamba awaumbue wazee kanisani. Mumewe alimwambia aweke kufuli dirishani. Yote mawili aliyakataa. Harambee haziishi, alisema, na kufuli siku zote huwa na mtu anayejua ufunguo uliko. Alitaka mtambo wenyewe ndio ukatae.

Alikwenda Embu, kwenye vibanda vya mafundi wa jua kali, akapekua vyuma vya magari makuukuu hadi akapata rilei, kile kidude kidogo kinachowasha taa kubwa za lori dereva anapogusa swichi. Alikiweka kati ya kontrola na inverta. Kontrola ikiruhusu taa, rilei hushika na inverta hufanya kazi. Kontrola ikikata, rilei huachia, na inverta huzimika papo hapo.

Alipoijaribu nyumbani mara ya kwanza, ilishikwa na kwikwi. Inverta ilipozimika, betri ilipumua, ikapanda kidogo, na kontrola ikadhani kuna shibe. Ikawasha. Betri ikashuka. Ikazima. Wanawe walicheka mpaka akawafukuza nje, kisha naye akacheka.

Dawa yake ilikuwa kitufe. Sasa rilei ikishaachia haishiki tena yenyewe. Lazima mtu abonyeze, na kitufe kiko chumbani mwa Sista Kawira. Baada ya kukifunga, Rwamba aliiomba kamati harambee moja ya kuujaribu mtambo, na kamati ikampa hii ya mabenchi.

Ndiyo maana leo amesimama mlangoni akisikiliza kwaya.

Saa tisa kasoro, mshereheshaji anamwinua jogoo mwekundu kwa mara nyingine. Mzee Mbogo amesimama na kipaza sauti mkononi kutaja dau lake. Midomo inacheza, sauti haitoki. Kinanda kimenyamaza. Taa ya zahanati, nyuma ya Rwamba, imezimika nayo.

Kutoka ndani unasikika mlio mdogo wa friji. Rwamba anafumba macho kidogo.

Mwenyekiti anavuka uwanja kwa hatua ndefu. Hamwendei Rwamba. Anasimama mbele ya Sista Kawira, anavua kofia, na kumweleza kwa adabu kwamba wageni wametoka hadi Embu, mnada uko pazuri, na ameambiwa kuna kitufe.

"Dakika chache tu, Sista. Jogoo anunuliwe."

Sista Kawira anamtazama Rwamba. Rwamba anatazama ukuta. Baadaye atakiri kwamba aliogopa, kwa sababu alikuwa amefunga kila waya lakini hapa hapakuwa na waya wa kufunga.

"Mwenyekiti," Sista anasema, "mimi niliona wale wamama wakirudi. Wewe hukuwaona. Sibonyezi."

Mzee Mbogo anageuza kofia mikononi. Kisha anaingia ndani, anafungua mlango wa friji, anatia mkono katikati ya chupa za maji, na anaushikilia humo muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Hii ingekuwa imekufa," anasema, si kwa mtu yeyote hasa.

"Ingekuwa imeanza kufa, mzee," Rwamba anamjibu. "Na funga mlango, tafadhali. Baridi inatoka."

Mzee anafunga mlango. Anarudi turubaini, na kwa mapafu aliyojaliwa anapandisha bei ya jogoo bila msaada wa mtambo wowote. Mnada unaendelea kwa mdomo mpaka jioni. Wapo wanaonung'unika, lakini hakuna anayeondoka, kwa kuwa jogoo bado hajapata mwenyewe.

Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, kamati yote inajazana chumbani mwa friji. Sista anatoa kipimajoto, anakisoma, anampa mwenyekiti naye asome. Ubaridi uko pale pale unapotakiwa na chanjo. Rwamba amekaa nje kwenye ngazi. Wanapotoka kumwambia, anajifuta macho kwa kiganja chenye alama za asidi na kuwaomba maji ya kunywa.

Ibadani, mzee Mbogo anasimama na kueleza waumini kilichotokea Aprili, akijitaja yeye na wazee wenzake. Anatangaza kwamba mtambo wa zahanati haung'oki. Kanisa, anasema, litatafuta betri yake lenyewe, na fundi ni huyuhuyu, mwari wa Njoka, yaani binti wa Njoka. Kabla ya mchana, mjumbe wa kanisa mojawapo lililoghairi amekwisha kumtafuta Rwamba, akiongea kana kwamba hawakuwahi kughairi.

Naye hana kinyongo. Ana mipango. Anataka kukodi chumba Siakago, afungue karakana, na kila inverta itakayotoka mikononi mwake iwe na rilei na kitufe. Ameshawaona wasichana wawili waliomaliza shule wanaopenda kuchungulia ndani ya vitu, kama yeye alivyokuwa. Baada ya hapo anakwenda Kianjokoma, ambako ukungu wa Julai hukaa siku nyingi na wateja wameambiwa haiwezekani. Anasema itawezekana, mradi hesabu ya akiba ifanywe kwa siku mbaya na si kwa siku nzuri.

Jumatatu ni siku ya kliniki. Akina mama wamefika mapema na kujaza benchi, wengine wameketi kwenye nyasi, na ndani watoto wanalia kwa zamu. Sista Kawira hana muda hata wa kumsalimu mtu. Rwamba amepita kukaza skrubu moja, kisha akabaki, amesimama kando ya mlango na bisibisi mkononi.

Mwandishi anamwuliza angependa gazeti lirudi lini kuona mtambo unavyoendelea.

"Mkirudi, andikeni watoto wangapi wamechanjwa," anasema. "Mkisikia tena habari ya betri, jueni nimeshindwa."