Salamu za Mke Wangu Sokoni

Nimeishi mtaa wa Utemini miaka thelathini na sita, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kununua fungu la mchicha. Soko liko mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwangu. Nililipita kila siku nikienda kufundisha na nikirudi, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa miguu, nikayasikia makelele yake kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Mambo ya sokoni yalikuwa ya mke wangu. Jumatano na Jumamosi alitoka asubuhi na kikapu, akarudi mchana jua likiwa kali. Sikujiuliza hata siku moja kwa nini mboga za watu wachache zichukue saa nne.

Alifariki mwaka mmoja baada ya mimi kustaafu. Alikuwa ameugua muda mrefu, na miezi ya mwisho tulikuwa Dodoma hospitalini. Tulimzika kijijini kwetu, upande wa Ikungi, karibu na mama yangu. Watoto wetu wawili walikaa nami mpaka matanga yakaisha, kisha kila mmoja akarudi kazini, mmoja Mwanza, mwingine Arusha. Nikabaki na nyumba. Kwa wiki kadhaa niliishi kwa chai na mkate, na jioni nilikwenda kwa mama ntilie wa barabarani kula wali. Asubuhi moja nilifungua kabati la jikoni nikakuta hata chumvi imekwisha. Nikachukua kikapu chake, nikaenda.

Mara ya mwisho kuingia pale kununua au kuuza nilikuwa mtoto. Mama yangu alinileta kutoka kijijini kuuza kuku, na wakati huo hapakuwa na soko, palikuwa na duka moja la Mwarabu lenye baraza refu. Sasa niliingia kama mgeni. Palikuwa na meza za mbao na turubai zilizoungwaungwa, vitunguu vya Iramba vimerundikwa kama vichuguu, alizeti, mtama, kambale wa kukaushwa. Wanawake wa Kinyaturu walikaa upande wa barabara, Wanyiramba upande wa ukuta. Mgogo kutoka Manyoni alikuwa na magunia ya karanga. Kijana wa Kibarbaig, shuka begani, aliuza asali bila kumwita mteja hata mmoja. Bucha ilikuwa ya Msomali, na aliyekuwa akimfokea juu ya mfupa alikuwa mama wa Kirangi. Kila mtu alizungumza na mwenzake kwa Kiswahili, kisha akageuka akaongea na wa kwao kwa lugha yake. Mimi sikuwa na wa kuongea naye kwa lugha yoyote.

Mama mmoja mwenye ushungi wa kijani, aliyekuwa ameketi kando ya ukuta na mafungu ya mlenda mbele yake, alikiangalia kikapu kabla ya kuniangalia mimi.

"Karibu, shemeji," alisema. "Leo umetumwa wewe?"

Alikuwa amenizidi umri kidogo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba.

"Mwenzio hajambo?" aliuliza. "Nimerudi mwezi huu tu kutoka Kiomboi. Binti yangu alikuwa na uzazi mgumu, nikakaa kule kulea wajukuu mwaka mzima. Nampigia, simu yake haiiti, na hapa wanasema hawajamwona tangu mwaka jana."

Simu ya mke wangu ilikuwa kwenye droo, nimeizima kwa mkono wangu mwenyewe. Nilifungua mdomo niseme. Nyuma yangu mteja alikuwa anasubiri, na mlenda ulikuwa umeshawekwa ndani ya kikapu.

"Hajambo," nilisema. "Simu imeharibika."

"Mpe salamu. Mwambie nafasi yake ipo."

Aligusa ndoo ndogo iliyopinduliwa kando yake. Nikarudi nyumbani na salamu za kumpelekea mtu aliyekwisha kuzikwa.

Nilijiambia Jumamosi nitamweleza. Jumamosi ilipofika alinikaribisha kwenye ile ndoo kwa kuwa alitaka kwenda kuswali, akaniomba nimwangalizie mboga. "Mwenzio ndiye huwa ananiuzia nikienda msikitini," alisema. Nilikaa. Watu walinunua kwangu, nikawafungia kwenye gazeti vibaya. Niliketi mahali ambapo mke wangu aliketi kila juma, miaka na miaka, na sikuwa nimewahi kuambiwa.

Aliporudi nilimuuliza walijuana vipi. Akanitazama kwa mshangao kidogo.

"Kwani hakukwambia? Tulianza wote hapa. Unaona ukuta huu? Huu ndio uliobaki wa baraza la Mwarabu. Tulikuwa wasichana wanne tunashuka na basi kutoka Iramba, tunapanga mlenda na vitunguu barazani. Mkewe Mwarabu alikuwa mtu mwema, alitupa maji ya kunywa na hakutufukuza. Wanyaturu walipoona tunauza, nao wakaja. Wa Manyoni wakaja. Mwarabu alipofariki, wanawe wakauza duka, lakini sisi tulikuwa tumeshakaa. Ndiyo soko hili."

Mimi nilimfahamu mke wangu kanisani. Alikuwa anaimba kwaya, na aliniambia amekuja mjini kukaa kwa mjomba wake. Hilo ndilo nililojua kwa miaka thelathini na kitu.

"Alikuwa anakuona ukipita na baiskeli," mama yule aliendelea, akitenga majani yaliyonyauka. "Mwalimu kijana, suruali umeibana na kamba isiguse mnyororo. Ulikuwa hununui kwa watu waliokaa chini. Siku uliyompelekea barua, akaacha kuuza. Alisema walimu hawaoi wauza mlenda."

Alicheka. Nami nilicheka, kwa sababu alitegemea nicheke.

Hapo ndipo uongo wangu ulipopata mizizi. Nilikuwa na albamu ya picha nyumbani, na nguo zake, na hakuna kimoja kati ya hivyo kilichoweza kunieleza jambo nisilolijua. Huyu mama aliweza. Kila Jumatano na Jumamosi nilikwenda, nikaketi kwenye ndoo, na kila mara alianza kwa kuuliza hali ya mwenzangu. Anaendelea, nilisema. Yuko kwa mtoto Mwanza. Amerudi, miguu inamsumbua. Kisha nilimwacha azungumze. Nilipata kujua kwamba mke wangu alipokuwa pale aliongea Kinyiramba tangu anafika hadi anaondoka. Kwangu tuliongea Kiswahili tu, kwa kuwa lugha yangu ni Kinyaturu na hakuna aliyejisumbua kujifunza ya mwenzake. Nilimwambia kwamba nyumbani ni mpole na si msemaji. "Mpole?" mama yule aliuliza. "Huyu? Alikuwa akianza hadithi zake, hata Msomali anaacha kukata nyama."

Usiku ule sikumlilia kwa kuwa amekufa. Nililia kwa kuwa hadithi zile sikuzisikia.

Miezi minne ilipita hivyo. Jumamosi moja alinikabidhi kifurushi cha mlenda mkavu, amekifunga vizuri kwenye kitambaa.

"Huu nimemwanikia yeye," alisema. "Na kesho nakuja kumwona. Kama miguu ndiyo inamsumbua, yangu bado inatembea. Nielekeze nyumba."

Nilishika kifurushi. Nikasema, "Mama, hayupo. Alifariki. Tulimzika mwezi wa tatu, kwetu Ikungi."

Hakupiga kelele. Alichukua kanga iliyokuwa mapajani, akafunika mboga zake zote, fungu kwa fungu, kama anavyofanya wakati wa kufunga. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Miezi minne unaniletea salamu za marehemu."

"Nisamehe."

"Wewe ulipata watu wa kulia nao. Mimi nimenyimwa hata siku moja ya kulia. Ondoka, shemeji."

Niliondoka. Jumatano iliyofuata nilipita kwa mbali, nikaona mahali pake pako wazi. Nilinunua nyanya kwa mtu mwingine, nikarudi.

Siku ya Alhamisi mdogo wangu alinipigia kutoka kijijini.

"Kaka, kuna akina mama watano hapa," alisema. "Wamekodi gari kutoka mjini. Wanasema wao ni ndugu wa sokoni wa shemeji. Niwaoneshe kaburi?"

"Waoneshe," nilisema.

"Wanauliza kwa nini halijajengewa."

Baadaye aliniambia kwamba walikaa pale mpaka jua likaelekea kutua. Mmoja wao alikuwa Mnyaturu, wawili hawakuelewana na mtu yeyote pale ila kwa Kiswahili, na yule wa ushungi wa kijani aliongea na kaburi kwa Kinyiramba muda mrefu, akinyamaza mahali mahali, kama mtu anayesubiri kujibiwa. Mdogo wangu alitaka kujua alikuwa anasema nini. Nikamwambia mimi pia nisingeelewa.

Nilisubiri wiki mbili ndipo nikarudi sokoni. Nilimwamkia. Aliitikia, kwa kuwa shikamoo haikataliwi, akanifungia mlenda bila kunikaribisha kukaa. Ilikuwa hivyo kwa muda. Siku hizi ananisemesha kidogo. Ameniuliza kama najua kuupika, nikakiri kwamba wangu unatoka kama gundi, akanieleza niweke magadi kiasi gani na nisifunike sufuria. Hadithi za mke wangu hazisimulii tena, nami sina uso wa kuziomba. Ile ndoo sasa anaikalia binti wa Kigogo anayejifunza biashara.

Kaburi nimelijengea mwezi uliopita. Nilimwambia, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kumhudumia mteja.