Upande wa Mungu

Kibanda cha Mama Pasi na changu cha kushona viatu vimetenganishwa na ukuta wa mbao tu. Ninayoyaandika hapa mengine nimeyasikia kupitia ukuta huo, mengine ameniambia mwenyewe.

Zamani dobi alianzia ndani ya nguo. Aliigeuza, akanyoosha bitana na mishono huku akinong'ona jina la Mungu, ndipo akaigeuza nje. Waliomfundisha Mama Pasi udobi walisema upande wa ndani ni wa Mungu, wa nje ni wa watu. Siku hizi mashine ya umeme inabana upande wa watu, basi. Mteja anaondoka anang'aa kama sahani, kumbe ndani kajikunjakunja. Na wenyewe wamekuwa hivyo hivyo.

Jumamosi ile umeme ulikatika tangu alfajiri. Wote waliokuwa wakiicheka pasi ya mkaa wakajipanga mlangoni kwa mama yule. Nilifurahi, sitasema uongo.

“Mama, shati langu bado tu?”

“Lina miguu hilo? Likiwa tayari nitakuita.”

“Nachelewa kazini!”

“Jana uliponiita Mama Moshi hukuwa na haraka.”

Foleni nzima ikacheka. Katikati ya jasho na majivu yale nilimsikia akinong'ona kwa kila nguo. Aliwahi kuniambia kwamba Mungu humjia kazi inapomzidi, akasimama nyuma ya bega lake kama mtu anayeota moto. Akikaa kimya peke yake hamwoni.

Mara akaja wifi yake, dada wa marehemu mumewe, suti nyeusi mkononi. Huyu ndiye aliyebadilisha kufuli la nyumba baada ya mazishi ya kaka yake, akatwaa nguo zote za marehemu, akamwambia mjane aondoke na alichokuja nacho. Mjane alikuwa amekuja na pasi.

“Wifi yangu jamani!” alisema, sauti imejaa asali. “Binti yangu anaolewa leo saa saba, na baba yake hana nguo iliyonyooka. Tunyooshee hii. Ya zamani tuyaache.”

“Weka hapo.”

Nilichungulia kwenye ufa wa ubao. Mama Pasi aliligeuza koti, akasita. Chini ya kwapa bitana ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa kijani. Aliushona yeye, siku moja kabla ya ndoa yake na marehemu, alipokosa uzi mweusi. Mumewe alimtania kwamba kijani kile watakijua watu watatu tu: yeye, mkewe na Mungu.

Pasi ilikuwa hewani, imejaa mkaa mwekundu. Nami nilimwombea kwa moyo wote aishushe kifuani pa lile koti na aiache hapo mpaka itokeze upande wa pili.

“Nilimwambia Mungu, kama upo, niachie huu mkono,” alinieleza baadaye. “Nilimsikia karibu kuliko siku zote, mzee wangu. Hakuniachia. Lakini hakuniambia nisamehe.”

Basi akaanza. Alipiga bitana polepole, mshono kwa mshono, ikatulia kama maji ndani ya beseni. Suruali nayo vivyo hivyo, ndani. Kisha akaigeuza suti nje na kumkabidhi wifi yake, mikono ya koti ikiwa kama imetafunwa.

“Wifi, mbona nje bado?”

“Upande wa Mungu nimemaliza. Uliobaki ni wenu.”

“Saa sita hii! Watu watatuonaje?”

“Watawaona mlivyo. Mwenye shati! Njoo.”

Mwanamke yule aligeukia foleni; kila mtu akawa anatazama nguo yake. Akaja kwangu anahema.

“Mzee, huna pasi humo?”

“Nina nyundo.”

Kabla ya saa saba baba wa bibi harusi alipita njia yetu kwa miguu, amevaa lile koti, amelibana mbele kwa mikono miwili, kana kwamba angeweza kuificha mikunjo yote. Nilitoka nje ili nimwone vizuri.

“Amepita?” Mama Pasi aliuliza kupitia ukuta niliporudi kuketi.

“Amepita. Kama jani kavu.”

Hakucheka.

“Uzi wangu unamgusa mbavuni,” alisema. Nikasikia anageuza nguo nyingine, anaanza kunong'ona.