Mdudu Tuliyemwandikia Nairobi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa gunia la majani yaliyooza. Nilikuwa nimevaa sketi mpya na viatu vya kisigino, maana nyumbani Bungoma walikuwa wameambiwa nimepata kazi ya ofisi katikati ya Nairobi, na kwa mama yangu ofisi ilikuwa meza na tapureta. Fundi Mkuu wa Maabara, mzee mfupi wa Kiambu aliyependa kuongea akiwa amekupa mgongo, alilimwaga gunia lile mbele yangu.

"Usidhani hii ni takataka," akasema. "Hapa ndani kuna watu wanaishi."

Tuliyaweka majani kwenye chekecheke juu ya faneli ya bati, kisha tukawasha balbu juu yake. Joto likianza kuyakausha majani, wadudu hukimbilia chini kutafuta unyevu, na chini kabisa wanakuta chupa ya spiriti. Ni hila isiyo na huruma, lakini ndivyo tulivyofanya kazi.

Wengi waliotumbukia walikuwa wale ambao wataalamu huwaita kolembola. Sisi tuliwaita virukaji. Kirukaji ni mdogo kuliko punje ya mtama. Chini ya tumbo amekunja kitu mfano wa uma, na ukimgusa anaufyatua na kuruka juu mara nyingi ya kimo chake. Anakula ukungu kwenye majani yanayooza, na bila yeye na wenzake majani hayo yangechelewa sana kugeuka udongo. Shemeji yangu aliniuliza kila Krismasi kama nimeshapandishwa cheo nihesabu siafu. Nilicheka naye miaka ya mwanzo. Baadaye niliacha.

Jambo ambalo Fundi Mkuu alinifunza kwa ukali kuliko yote ni lebo. Lebo huandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka kwenye spiriti, na huwekwa ndani ya chupa, si nje. Iseme tarehe, jina la aliyekusanya, na mahali. Mahali si jina la mtaa. Ni mti gani, upande gani, hatua ngapi kutoka kwenye maji.

"Hiyo lebo inifikishe hapo nikiwa peke yangu," alisema. "Kama siwezi kufika, umeandika uongo."

Nilimwogopa kuliko padri. Alipostaafu, kiti chake kilikaa wazi, na sisi wa maabara tukawa chini ya Mkuu wa Idara moja kwa moja. Huyu alikuwa msomi mwenye shahada tatu na suti za kijivu, mpole, asiyepaza sauti. Upole ule ndio ulionidanganya.

Wakati huo kulikuwa na kipande cha msitu wa asili kule Karen, magharibi mwa Nairobi, chenye kijito katikati, kimebanwa na mashamba ya wenye nyumba kubwa. Nilikuwa nikienda huko kuchota majani. Siku moja, kwenye hadubini, nikaona kirukaji asiye na macho kabisa, mweupe, uma wake mfupi mno, na vinyweleo vya mgongoni vimepangwa kwa namna ambayo sikuwa nimeiona. Nikamtazama tena. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, nikamtazama tena.

Kumwelezea mdudu mpya si kumpa jina tu. Unamchemsha kidogo kwenye dawa mpaka mwili uwe angavu, unamlaza kwenye slaidi, unamfunika kwa kioo chembamba, halafu unahesabu vinyweleo kimoja kimoja na kuvichora. Unamlinganisha na kila ndugu yake aliyewahi kuandikwa duniani. Mwisho unachagua mmoja awe kielelezo kikuu, yaani yule ambaye jina litamshikilia milele. Macho yangu yaliharibika kwenye kazi hiyo, na sijuti. Michoro yote ni ya mkono wangu.

Makala ilipokuwa karibu kwenda kwa wachapishaji, Mkuu wa Idara alikuja kwenye meza yangu akaishika ile slaidi.

"Mama Nekesa, hii lebo ni ndefu sana. Andika tu Nairobi."

"Nairobi peke yake, Dokta?"

"Tukitaja mpaka mti, wakusanyaji watavamia. Tunalinda msitu."

"Sasa hiyo Nairobi itamfikisha mtu wapi?"

"Mimi ndio nina-sign hiyo paper," akasema, bado kwa upole. "Na jina lako nimeliweka la pili. Andika."

Nikaandika. Nikiri kwamba jina la pili lilinilainisha. Hakuna fundi wa maabara aliyekuwa amewahi kupata hata la mwisho. Niliibandua lebo yangu, nikaitupa kwenye ndoo, na nikaenda nyumbani Mountain View nikiwa na furaha. Hilo ndilo linaloniuma.

Miaka michache baadaye tukasikia kampuni fulani inataka kujenga nyumba kwenye kipande kile. Kikaitwa kikao cha wananchi kwenye ukumbi wa kanisa, watu watoe maoni. Nilikwenda na makala yangu ndani ya bahasha. Nikasimama, nikaeleza kwamba pale anaishi kiumbe ambaye hajaonekana kwingine popote.

Mtaalamu aliyeajiriwa na kampuni alisubiri nimalize. Alikuwa na nakala yake.

"Madam, mimi nimeisoma hii paper yako," akasema. "Inasema Nairobi. Si Nairobi ni kubwa? Huyo mdudu hata anaweza kuwa kwako nyumbani, chini ya sufuria."

Ukumbi ukacheka. Nikamgeukia Mkuu wa Idara, aliyekuwa amekaa safu ya mbele. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Alikuwa akisoma ajenda, kana kwamba ilikuwa imeandikwa kwa lugha ngumu.

Miti ilikatwa. Mimi nilichota majani katika kila msitu nilioweza kuufikia upande huu wa magharibi ya jiji, mpaka nilipostaafu, na baada ya kustaafu. Sijamwona tena. Mnaponiuliza nyinyi vijana wa maabara kwa nini nawakemea kuhusu lebo, mkidhani ni uzee, sababu ni hiyo. Mdudu hana wakili. Karatasi ile ndogo ndiyo ilikuwa sauti yake, na mimi ndiye niliyeifuta. Nina hasira na Mkuu wa Idara na nina hasira na nafsi yangu, na sitaki mtu aniambie nisamehe.

Mwaka jana niliandika barua ya marekebisho ya makala ile. Wachapishaji wakajibu kwamba lazima waandishi wote wawili wakubali. Mkuu wa Idara naye alikuwa amestaafu, na nikaelekezwa kwake Karen. Askari wa getini akanifungulia. Nilitembea kati ya zile nyumba mpya, nikavuka kijito ambacho sasa kinapita ndani ya saruji, nikapiga hodi.

Alinikaribisha vizuri. Akasoma barua akiwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, chai mbele yake.

"Lakini msitu haupo tena, mama. Marekebisho ni ya nini?"

"Ya mahali."

"Haya. Ni kitambo sana, lakini." Akatoa kalamu mfukoni. "Wewe niambie tu, niandike wapi?"

"Hatua arobaini kutoka kwenye kijito, chini ya mti wa muhugu," nikasema. "Nimezihesabu tena nikija. Andika hapa, Dokta. Hapo ulipokaa."

Alitazama sakafu. Mimi sikukaa, na sikuondoka mpaka alipoandika.