Dada Aliyebaki Nje ya Lango

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Gereza, mama mrefu kutoka Teso, alitazama viatu vyangu kabla ya kunitazama usoni. "Kufunga mlango kila mtu anaweza," akaniambia. "Wewe jifunze kukaa na waliofungiwa."

Lilikuwa gereza la wanawake, Jinja. Ninyi mnaoanza kazi leo mtakuta mambo mengi yamebadilika, lakini lokapu ni ileile: jioni unahesabu watu, unafunga, unahesabu tena. Mahabusu, yaani wale ambao kesi zao hazijaisha, ndio wagumu kuwalinda. Mfungwa anajua siku yake ya kutoka. Mahabusu hajui lolote.

Nambozo alikuwa mahabusu. Alikuwa amemjeruhi mke mwenzake kwa panga, akajificha, na mdogo wake Khainza ndiye aliyewaambia polisi alipo. Kila siku ya wageni Khainza alikuja kutoka Buwenge na karanga za kuchemsha. Kila mara Nambozo alinijibu, "Afande, mwambie mimi sina ndugu." Nami nilitoka getini kumrudisha yule binti.

Mwaka huo masista wa kanisa walituletea sanduku la vitabu. Nikapata riwaya ya mapenzi, ya kwanza katika mfululizo wa vitabu vinne juu ya mabinti wa familia moja. Nilimwomba Mkuu ruhusa ya kuwasomea wanawake wakati wanasuka mikeka.

"Ni ya mapenzi?" akauliza.

"Ndiyo, afande."

"Basi soma. Mahubiri wamesikia ya kutosha."

Nilisoma Kiingereza kwa macho, nikasimulia kwa Kiswahili. Huko nje wengi walikiogopa Kiswahili kama lugha ya askari na bunduki, ila mle ndani ndicho kilichotuunganisha, Msoga, Mgisu na Mkaramoja. Binti mkubwa wa kitabuni alikuwa na mchumba kwa siri. Mdogo wake akamwambia baba, mchumba akafukuzwa. Wapenzi hao walipotenganishwa, wanawake waliacha kusuka. Mwishowe mchumba alirudi, wakafunga ndoa, na siku ya harusi yule mdogo akasimama nje ya lango kwenye mvua, hakuna wa kumfungulia. Kitabu kikaishia hapo.

Nambozo, ambaye hakuwahi kuniuliza kitu, akaniuliza, "Afande, walimfungulia?"

"Hiyo iko kitabu cha pili. Sandukuni hakimo."

"Lakini mvua inanyesha."

"Inanyesha, Nambozo. Sijui zaidi."

Siku ya wageni iliyofuata, kabla sijamfikia, alikuwa amekwisha kuvaa kitambaa chake cha kichwa. Akatoka, akakaa na Khainza. Kisha nikaona Nambozo anamenya karanga, anampa mdogo wake, naye anazila huku akilia.

Baadaye nilihamishiwa Mbale. Bosi wangu mpya, Sajini wa zamu, alikuwa mpole ila alipenda ukimya, kwa hiyo kusoma kwangu kukabaki kwa nyumbani. Siku moja, kwenye vitabu vya mitumba sokoni, nikakiona kitabu cha pili. Nilikisoma kwa moyo wote, na kikanivunja. Lango halikufunguliwa. Mdogo aliondoka nchini, na dada yake akabaki na uchungu kitabu kizima.

Wakati huo Nambozo alikuwa amemaliza kifungo chake, anauza nyanya Namatala, mtaa wa hapohapo Mbale. Nikamfuata kibandani, nikamweleza yote, nikiogopa kumuumiza. Akapanga nyanya zake upya.

"Afande," akasema, "Mungu alificha hicho kitabu. Ningesikia hivyo kule ndani, mimi pia singefungua."

Sasa nimestaafu. Nimehudumu chini ya wakubwa wengi, na nawashukuru karibu wote, hasa yule mama wa Teso aliyeniruhusu kusoma. Watu huniuliza kama sijutii maisha yangu kupita nyuma ya kuta. Sijutii. Nilipewa watu wa kukaa nao.

Kitabu cha tatu na cha nne tulivipata kimoja kimoja. Jumapili tunakutana Namatala, nyumbani kwa Nambozo. Macho yangu yamechoka, hivyo msomaji wetu ni Khainza. Akifika pahala pa huzuni husimama kidogo, na dada yake humwambia, "Endelea, niko hapa."