Mwenye Mashini ya Kusaga

Karatasi ya mahakama ililetwa na mzee mwembamba aliyekuja kwa miguu toka mjini mpaka kwetu, mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi. Viatu vyake vilikuwa vimefungwa kwa waya. Aliomba maji kwanza, akanywa vikombe viwili, ndipo akaitoa karatasi ndani ya koti.

“Mama, njo weye mwenye mashini?”

Nilitazama kibanda kilichokuwa pembeni mwa uwanja wetu.

“Karatasi haina jina,” akasema. “Banaandika tu: mwenye mashini ya kusaga, nyumba hii. Patanti haijalipwa miaka mbili. Kama haiko weye, unionyeshe mwenyewe.”

Patanti ni kodi ambayo kila mwenye biashara ndogo alipaswa kuilipa. Nikaipokea karatasi, maana sikuwa na mtu wa kumwonyesha.

Mashini ilikuwa ya jirani yangu. Tulikaa ukuta kwa ukuta miaka kumi na moja. Mume wake alifanya kazi mgodini, na alipostaafishwa wakanunua mashini ya kusaga mahindi. Uwanja wao ulikuwa mdogo, kwa hiyo wakajenga kibanda upande wetu, nasi kwa malipo tukawa tunasagiwa bure. Jirani yangu alizaliwa Lubumbashi, hapa hapa, akasoma hapa, akaolewa hapa. Lakini baba yake alitoka jimbo la Kasai, na mume wake vilevile. Ulipofika ule wakati mbaya, watu wenye asili ya Kasai walipoanza kufukuzwa, hakuna aliyewauliza walizaliwa wapi. Walikaa majuma mengi kwenye stesheni, juu ya mizigo yao, wakingoja treni. Niliwapelekea ugali wetu wa bukari na mboga ya sombe mpaka siku niliyokuta nafasi yao imekaliwa na wengine.

Kabla ya kutoka nyumbani alinipa ufunguo wa kibanda. “Unichungie, ndugu yangu. Nikifika nitaandika.”

Nyumba yao ilipata watu wengine kabla juma halijaisha. Mashini ilipona kwa sababu ilikuwa upande wetu. Lakini haikusaga. Mazuti, mafuta ya kuiendesha, ilikuwa haipatikani, na aliyeipata aliiuza kwa bei ya kichaa. Tulirudi kwenye kinu na mchi kama bibi zetu.

Mume wangu alikuwa dereva asiyelipwa mshahara. Siku nyingi alikuwa Annexe, nje ya mji, akilima kipande cha shamba. Jioni nilimsomea ile karatasi.

“Useme haiko yetu,” akasema bila kuinua kichwa. “Baje babebe. Tutapumuzika.”

Nilifahamu maana ya kubeba. Mali ya waliofukuzwa ilikuwa mali ya yeyote mwenye nguvu. Nikisema ni ya nani, ingeondoka siku hiyohiyo. Nikisema ni yangu, nitalipa kodi ya kitu kisicho changu, na jina langu litaandikwa juu ya jasho la rafiki yangu.

Mara ya kwanza nilipofika mahakamani, hakimu hakuwapo. Mara ya pili alikuwapo, ila karani hakuwa na karatasi ya kuandikia. “Mama, ukirudia ulete makaratasi,” aliniambia, wala hakuona haya. Shule zilikuwa zimefungwa, basi nikachana kurasa nane katika daftari la binti yangu. Kila safari ilikuwa mwendo wa miguu, kwenda na kurudi, na njaa katikati.

Mara ya tatu mume wangu alinifuata. Alikwenda kukaa kwenye benchi la nyuma kabisa, kofia mapajani.

Hakimu alikuwa na kikohozi, na mkono mmoja wa joho lake ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Karibu naye alisimama mtu wa kodi, mwenye mkoba mzuri kuliko kila kitu kilichokuwa chumbani.

“Ile mashini iko ya nani?” hakimu akauliza.

Karani alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi ya mwanangu. Nilikuwa nimejitayarisha kusema maneno mengi, ya ujirani, ya ufunguo, ya stesheni. Yote yalinitoka kichwani.

“Iko yangu, bwana juge.”

“Mulinunua na makuta ya nani?” mtu wa kodi akadakia, akitaka kujua pesa ilitoka wapi. Alijua. Nadhani mtaa mzima ulijua.

“Ya bwana yangu.”

Hakimu akakohoa, akafuta mdomo. “Bwana yako iko hapa? Aseme yeye mwenyewe. Mwanamuke hawezi kujibu peke yake juu ya mali ya nyumba.”

Niligeuka. Mume wangu alikuwa anatazama sakafu. Nikaona anavyoinuka kwa uchovu, kama mtu anayenyanyua gunia. Nilikuwa na hakika atasema alichokisema nyumbani.

“Njo yetu,” akasema. Akakaa.

Hakimu akatuhukumu tulipe miaka miwili pamoja na faini, kwa awamu nne. Nilimwambia mashini haijasaga hata debe moja tangu mwaka jana.

“Mama,” akanijibu, karibu kwa upole, “miye pia sijalipwa tangu mwaka jana. Niko nakaa hapa kila siku. Sheria haiulize.”

Tukarudi kwa miguu mpaka tukavuka reli.

“Sasa tumeiba,” mume wangu akasema.

“Namna gani tumeiba? Deni si tunalipa siye?”

“Kwa karatasi, tumeiba.”

Niliuza vitenge vyangu vya harusi, yeye akauza baiskeli, akawa anakwenda Annexe kwa miguu. Tulimaliza kulipa msimu wa mvua. Wale watu wa nyumba ya jirani walikuja siku moja na mkokoteni kuchukua mashini. Nikawaonyesha stakabadhi ya mahakama yenye jina letu, na muhuri. Wakaisoma polepole, wakaondoka.

Zaidi ya mwaka mmoja ukapita. Ndipo mfanyabiashara mmoja wa Kivu Kaskazini, muuzaji wa samaki wa jumla ambaye malori yake yalifika mpaka Kasai, akaniletea barua ya rafiki yangu. Mume wake alifia njiani, ndani ya treni. Rafiki yangu mwenyewe alikuwa anakaa kwa kaka yake. Aliandika: kama mashini bado iko, uuze, unitumie chochote. Kama haiko, usiniombe musamaha, najua namna iko kule.

Nikaiuza. Mnunuzi alitaka kuona karatasi ya mwenye mali, nami nikampa ile ile ya mahakama. Kabla ya kumkabidhi mfanyabiashara pesa, nilikata kodi yote na faini yake. Nyumbani hatukuwa na unga. Mume wangu aliniona nikikata, akatoka nje.

Rafiki yangu alijibu baada ya miezi mingi. Alinishukuru sana, akaniombea baraka, akasema wamepata paa. Ile kesi sikumwandikia kamwe, wala nilichokata. Kila nilipotaka kuanza nilijiambia nitaandika kesho, nikiwa nimepumzika.